Kaka Aliyerudi Kutoka Mkonge

Mara ya kwanza mama mkwe wangu kuniangalia usoni, aliniambia nina kichwa kama kibuyu kilichokaukia upande mmoja.

Wakati huo nilikuwa nimemuoa binti yake miaka mingi, tumezaa, mkubwa wetu ameshaanza kunyoa ndevu. Na miaka yote hiyo sikuwa naujua vizuri uso wa yule mama. Nilikuwa naujua mgongo wake. Nikifika kwake Kitahana, kule Kibondo, yeye anaingia nyuma ya kitenge kilichotundikwa mlangoni, na kitu cha mwisho kuonekana ni visigino. Visigino vyake ningevitambua popote pale.

Ndivyo mambo yetu ya Uha yalivyokuwa kwa watu wa zamani. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani hovyo. Mkikutana njiani, mama anaiacha njia, anaingia kwenye mihogo, anachutama na kugeukia pembeni mpaka upite. Akikusalimu, anapiga makofi madogo huku ameinamisha kichwa, na wewe unaitikia huku unatazama miti. Kula ndiyo kabisa. Mama mkwe kutafuna chakula mbele ya mkwe wake ni sawa na kuvua nguo. Siku hizi vijana wanakula chipsi na mama wakwe zao pale stendi ya Kasulu, na picha wanapiga. Mimi nilioa kwa watu wa zamani, nikazoea kuishi na visigino.

Sasa kazi yangu. Shule niliishia kidato cha pili. Hesabu ilinikataa, nami sikutaka kuilazimisha. Nikapasua kuni, nikaendesha bodaboda mpaka nikaiingiza mtaroni na abiria wake, mwisho nikaangukia kwenye nyumba ya wazee, nje kidogo ya Kasulu, barabara ya kwenda Heru Juu. Niliajiriwa kukata majani. Siku moja mhudumu aliugua, wakanipa beseni na sabuni, na mpaka leo sijarudi kwenye majani. Wazee wetu wengi pale wana ugonjwa wa kusahau. Nikawa nawaambia watu kwamba nimepata kazi inayonifaa: utani mmoja nausimulia kila siku, na kila siku wanacheka upya.

Mama mkwe alianza kusahau taratibu. Kwanza chumvi mara mbili kwenye maharage. Halafu akawa anaacha chungu motoni na kwenda barabarani, anasema anarudi kwa baba yake. Baba yake aliyekufa tangu zamani za wakoloni. Majirani wakaanza kunong'ona mambo ya uchawi, na siku aliyookotwa mbali akiwa amelowa mvua, mke wangu, aliyebaki Kibondo na watoto, alinipigia simu.

"Baba watoto, naomba mama aje huko kwenu."

"Aje huku niliko mimi? Tutaishije?"

"Wewe pita upande mwingine."

"Mke wangu, nyumba ina korido moja."

"Basi pita umefumba macho. Si una mazoea ya kuingia mtaroni?"

Akaletwa. Tukakubaliana na wenzangu kwamba wahudumu wa kike watamwogesha, watamlisha, watamvalisha, na mimi sitaingia chumbani kwake. Mpango mzuri kabisa, ila yeye hakuwa ameambiwa. Aligoma kula. Kijiko kikija, mdomo unafungwa. Mhudumu mmoja aling'ang'ania, akang'atwa kidole. Wiki ya kwanza alikonda mpaka pete ikawa inadondoka.

Siku moja napita mlangoni kwake na sinia la uji wa wengine, nimejibana ukutani kama mjusi, nikasikia sauti kwa Kiha, "Musaza wanje!" Kaka yangu!

Nikageuka kuangalia kaka wa nani amekuja. Hapakuwa na mtu. Yule mama alikuwa ameketi kitandani, kichwa wazi, ananitazama machoni, anacheka. Hapo ndipo lile neno la kibuyu liliponitoka. Yaani lilimtoka yeye, mimi likanipata. Akaendelea, "Njoo hapa, mwana wa mama. Umezeeka vibaya. Huko mkonge walikuwa wanakulisha kamba?"

Nilisimama na sinia langu, miguu inataka kukimbia, mdomo unataka kujibu. Mdomo wangu ndio huwa unashinda. Nikasema, "Walitulisha kamba, dada, lakini sikukuu tulipata na fundo."

Alicheka mpaka akashika mbavu. Nikaketi. Nikachukua bakuli moja kwenye sinia, nikamnyooshea kijiko nikiwa nimeangalia ukuta, akafungua mdomo, akala. Akala uji wote, akauliza kama huko nilikotoka hawajui kuweka sukari.

Jioni mke wangu alinieleza kwenye simu. Mama yake alikuwa na kaka mmoja tu. Zamani, yeye bado msichana, waandikishaji wa manamba walipita kuchukua vijana wa kwenda kukata mkonge Tanga. Kaka akaenda nao. Aliahidi kwamba akirudi atamletea dada yake blanketi la dukani, maana walikuwa wanajifunika gome na ngozi. Hakurudi, na habari zake hazikurudi.

"Sasa ndiyo wewe," mke wangu akasema.

"Lakini mimi ni mkwe wake."

"Yeye anajua hilo?"

"Hajui."

"Basi na wewe usijue. Amekula?"

"Amekula."

Nikasikia anapenga kamasi kwenye simu. Nikajua analia, kwa hiyo nikamwambia kwamba mama yake amesema nina kichwa cha kibuyu. Akacheka huku analia, akasema, "Miaka yote nilikuwa nakuficha jambo hilo."

Nisikilizeni, ile miezi ilikuwa mizuri. Nilioa kwenye nyumba ya yule mama bila kumjua, halafu ugonjwa ukanijulisha naye. Kumbe ule ulimi wa mke wangu ulikuwa na chimbuko. Kumbe nyuma ya kile kitenge, miaka yote, alikuwepo mtu wa kunishinda mimi kwa utani, nami nilikuwa naitazama miti. Kila mlo nilikuwa naketi kwenye kiti cha plastiki, ugali wa muhogo na maharage, dagaa zikipatikana, na yeye ananichambua kuanzia kichwa mpaka viatu. Mimi namsimulia habari za mkonge ambao sijawahi kuuona. Nilimwambia nyapara wetu alikuwa mnene mpaka mkonge wenyewe ulikuwa unampisha njia. Alikula kwa sababu ya hadithi. Nikikaribia mwisho wa sahani nairefusha, na sahani ikiisha namkatishia hapohapo, ili kesho afungue mdomo tena.

Na kila siku, kati ya tonge na tonge, aliuliza, "Blanketi langu liko wapi?"

"Linakuja na treni, dada."

"Treni gani hiyo? Inavutwa na kobe?"

"Ni kobe mgonjwa, dada. Tumemwacha Tabora amelazwa."

Kesho yake anauliza tena, na mimi nina kituo kingine. Treni ililala Malagarasi, ikapoteza gurudumu, dereva akaoa Uvinza. Wahudumu wengine walikuwa wanakuja kusimama mlangoni kusikiliza leo blanketi limefika wapi. Hata mzee mmoja wa chumba cha jirani, aliyekuwa na duka la vitambaa hapo Kasulu mjini kabla hajaanza kusahau, alikuwa anasogea na kofia yake na kushauri, "Mwambie alete na jora la marekani." Soko lenye mablanketi lilikuwa karibu tu, bodaboda inafika kabla hujamaliza kupatana na dereva. Lakini utani ulikuwa mtamu. Nilikuwa naona nikimletea blanketi, nitamsimulia nini tena? Atauliza nini? Nikaliacha liwe safarini.

Kisha akaja nesi mpya.

Nisimseme vibaya, na sitaki mtu mwingine amseme vibaya. Kabla yake sisi tulikuwa tunaogesha wazee kama tunavyoosha sufuria: haraka, maji yoyote, ukimaliza huyu shika yule. Anayetangatanga tulikuwa tunamfunga kwenye kiti kwa khanga, na tulikuwa tunaona ni huruma hiyo. Yeye alizifungua zile khanga siku ya kwanza. Akasema maji yapashwe moto. Akasema mtu asiongelewe juu ya kichwa chake kana kwamba ni kabati. Alikuwa anapiga magoti mbele ya mzee ili waonane macho, na ndani ya muda mfupi kelele za asubuhi zikapungua. Ndiyo maana alipotuambia jambo la mwisho, tulimwamini kama tulivyomwamini kwa yale mengine.

Alituambia, "Tusiwadanganye. Mzee akikuita jina la mtu mwingine, msahihishe kwa upole. Mwambie wewe ni nani, hapa ni wapi. Ukimdanganya kwa kuwa amesahau, umemfanya mtoto. Ukweli nao ni heshima."

Mimi nikanyoosha mkono. "Na mimi je? Mimi kwa yule bibi ni kaka."

"Wewe si kaka yake."

"Najua, nesi. Ila yeye akijua mimi ni nani, hatakula."

"Ulishajaribu?"

"Hapana."

"Basi hujui."

Kweli, sikuwa najua. Yeye alikuwa amesoma, ametoka kwenye semina. Mimi na kidato changu cha pili nilikuwa na nini cha kumwonyesha? Mila? Nesi mwenyewe hakuwa Muha, alitokea mbali, kwao mama mkwe anakaa mezani na kumwambia mkwe wake apitishe chumvi. Nikamweleza kidogo, akanisikiliza vizuri, akasema, "Lakini yule amesahau hata majina ya watoto wake. Mila ndiyo atakumbuka?" Hata mimi niliona ni swali la maana.

Tena kuna kitu kingine, na hicho hakuna nesi aliyenilazimisha. Sehemu fulani ndani yangu ilikuwa inataka ajue. Nilikuwa namchekesha kila siku, lakini aliyekuwa anacheka naye ni mtu mwingine, aliyeondoka zamani na waandikishaji. Nilitaka siku moja aseme kibuyu akijua kibuyu ni mimi, mume wa binti yake. Mkwe gani Uha nzima aliwahi kutaniwa na mama mkwe wake? Ningekuwa wa kwanza. Ningetembea nimevimba mpaka Kibondo.

Basi mchana mmoja nesi alikuja kusimama pembeni ya kitanda, akapiga magoti kama kawaida yake. Mama mkwe alikuwa na sahani mapajani, safari hii anajilisha mwenyewe kwa mkono, ametoka kuniuliza lile blanketi. Mdomoni ana tonge.

Nesi akanitikisia kichwa.

Nikasema, "Mama, mimi si kaka yako. Mimi ni mkweo. Nimemuoa binti yako." Nikamtaja na binti kwa jina lake la nyumbani, lile la utotoni.

Alinitazama. Kwanza alitabasamu, akangojea mwisho wa utani, kwa sababu kwangu kila neno lilikuwa na mwisho wake. Mwisho haukuja. Nikaona uso wake unafika mahali, kama mtu aliyekuwa anatembea gizani akagusa mlango wa nyumba yake. Alinitambua. Nawaambia, alinitambua kabisa, miguu mpaka kichwa.

Akaacha kutafuna. Tonge likabaki mdomoni, hawezi kumeza wala kutema. Mkono ukatafuta kitenge, akakivuta kikafunika kichwa, uso, na sahani. Akajigeuza ukutani. Nikasikia kutoka ndani ya kile kitenge, sauti ndogo niliyokuwa naijua ya miaka yote, ile ya nyuma ya mlango, "Mungu wangu, nimekula mbele ya mkwe."

Nesi aligusa bega lake, akamwambia hakuna ubaya, mama, hakuna ubaya. Mimi nilitoka nje. Nilitoka kwa kurudi nyumanyuma, kama tulivyofundishwa, na nikajigonga kwenye mlango. Siku nyingine angecheka.

Tulidhani kesho atakuwa amesahau. Si ndiyo ugonjwa wenyewe? Kesho yake nikaingia na uji, nikasema kwa sauti ya mkonge, "Dada, kobe amepona!" Akajifunika. Hakujua tena mimi ni nani, nina hakika, maana baadaye alimuuliza mhudumu mmoja, eti yule mwanamume ni mtu wa wapi. Nilikuwa nimefutika, kaka na mkwe wote wawili. Aibu peke yake ndiyo haikufutika. Ilikuwa imebaki bila mwenyewe, na kila nikiingia inainuka.

Na kwa wengine bado alikuwa anafunga mdomo. Nesi alijaribu yeye mwenyewe, asubuhi na jioni, kijiko kwa kijiko, akipiga magoti mpaka sketi yake ikachakaa hapo magotini. Siku moja nilimkuta jikoni amekaa juu ya gunia la maharage. Akaniambia, "Uliniambia." Nikamwambia, "Nilikuambia kwa mzaha mzaha, nesi. Mimi nikisema la kweli halitofautiani na la uongo, ndiyo shida yangu." Hakucheka. Nami sikuwa nataka acheke.

Nikampigia mke wangu. Akaja na basi la asubuhi kutoka Kibondo, na kikapu cha ndizi kichwani. Nilimweleza tangu getini mpaka mlangoni. Nilitegemea anichambue, maana ulimi anao. Alisema tu, "Kwa hiyo kaka hayupo tena?"

"Hayupo."

"Umemwondoa."

"Ndiyo."

Akaingia. Mama yake alimwita shangazi, akakubali ndizi kidogo. Lakini mke wangu ana watoto na gulio, asingeweza kuhamia Kasulu. Siku ya pili akakaa anatazama kile chumba, kitanda, kiti changu cha plastiki. Akafungua kitenge chake cha kiunoni, akabaki na sketi, akaomba kamba. Akaifunga kutoka dirishani mpaka kwenye msumari wa mlangoni, akatundika kitenge kati ya kitanda na kiti.

Akasema, "Nyumbani ndivyo alivyokuwa anafanya. Ukija, anatundika, wewe unakula huku, yeye anakula kule. Ulikuwa hujui anakula? Ulidhani anaishi kwa hewa?"

Akaniketisha kwenye kiti, akanipa sahani. "Kohoa, ajue mkwe amefika."

Nikakohoa. Nikaisukuma sahani chini ya kitenge. Nikasikia makofi madogo, yale ya adabu, na baada ya muda sauti ya mtu anatafuna taratibu sana ili asisikike. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na nesi. Nesi akamshika mkono.

Mzee wa duka alikuja akakipima kile kitenge kwa mkono, akasema ni kizuri ila wametupunja upana.

Tangu hapo anakula. Hajanenepa, lakini pete haidondoki. Wageni wakija kukagua wanauliza kwa nini bibi huyu amefichwa, na nesi anawaeleza yeye mwenyewe, anaeleza vizuri kuliko mimi. Ametuambia pia kwamba ile kanuni ya kusahihisha ameiacha, kwamba kila mzee tumuulize kwanza kwa macho. Kwa hiyo wengine wamefaidika. Mzee wa duka sasa anafunga duka lake kila jioni, nasi tunamsaidia kusukuma milango ambayo haipo.

Ila mimi nina kile kiti. Naketi, nakohoa, nasukuma sahani. Mwanzoni nilijaribu kumrudisha kaka. Niliongea kutoka nyuma ya kitenge, nikabana pua, nikasema treni imefika Kigoma. Nilijibiwa makofi. Nikasimulia nyapara mnene. Makofi. Nilijitukana mwenyewe kichwa changu, nikamwachia nafasi amalizie. Makofi, ya heshima kabisa, kwa mkwe wake.

Mwezi wa baridi ulipoingia, nilikwenda sokoni, nikanunua blanketi. Zito, la mistari, la dukani kweli. Njiani nililipakata kwenye bodaboda kama mtoto. Nilikuwa nawaza lile blanketi lingekuwaje kama ningelinunua wakati ule, nikaingia nalo begani, nikasema, "Dada, shika, kobe amefika." Angelia? Angesema rangi mbaya? Angenipiga nalo? Sitajua. Nililiweka kwenye treni kwa sababu nilikuwa napenda anavyouliza.

Nililisukuma chini ya kitenge, baada ya sahani. Nikaona vidole vyake vinalishika ukingo, vinalivuta. Halafu makofi.

Jioni nilimuuliza mhudumu wa kike kama amemfunika nalo. Akasema hapana, bibi amekataa. Amelikunja vizuri, ameliweka miguuni pa kitanda, anajifunika lile jepesi la kituo.

"Kasema nini?"

"Kasema lile la mkwe wake liheshimiwe. Yeye anasubiri la kaka yake."